Mkasi Mmoja Kuhesabiwa Miwili, na Hasara Iliyolipata Duka Letu

Duka la Suruali,
mlango wa pili kutoka kwa kinyozi,
upande wa kushoto wa mstari wa chaki (mstari nitaueleza).
Jumatatu asubuhi, kabla ya wateja.

Kwa Mkuu wa Kituo cha Elimu ya Watu Wazima.
Imfikie mkononi, isiwekwe chini ya kikombe cha chai kama barua yangu iliyopita.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: LUGHA YA KIINGEREZA KUTUVUNJIA DUKA

Pokea kwanza heshima zangu, zikiwa zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Anayekuandikia ni yule mwanafunzi aliyeongoza darasa zima la Kiingereza cha Jumanne na Alhamisi, wa kwanza kati ya wanafunzi arobaini, ambaye mwalimu alimshika mkono mbele ya watu akasema hajawahi kuona kichwa kama hiki.

Kwa kuwa rejista iko hapo mezani kwako, na nakuona unaivuta, acha nijirekebishe mwenyewe kabla hujanirekebisha. Wanafunzi tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa tisa, na wawili walionifuata walifanya mtihani wakiwa na homa. Kuhusu kichwa, ni kweli mwalimu alisema hajawahi kuona kama hiki, ila mkono wangu hakuushika. Alichoshika ni kichwa chake.

Hayo tumeyamaliza. Sasa nalalamika.

Ninayemlalamikia si wewe, wala si mwalimu wetu, binti mwenye subira ambaye Mungu amzidishie, maana aliyonayo tumeshaimaliza. Ninayoilalamikia ni lugha ya Kiingereza yenyewe. Wenye lugha wako mbali na anwani yao sina. Kituo chako ndicho kinachoifuga hapa mtaani, kwa hiyo ikiuma mtu, mlango wa kubisha ni wako.

Duka letu unalijua. Ni chumba kimoja, cherehani chini ya dirisha, meza ndefu ya kukatia katikati, na pasi inayopata moto upande mmoja tu. Ndani tumo wawili. Mimi nashona. Anayekata ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Sentimita, kwa sababu hata akikusalimia kwa mkono unahisi anakupima kiganja. Kwa miaka ishirini na saba yeye hajakanyaga cherehani na mimi sijakata kitambaa. Akimaliza kukata ananirushia vipande bila kugeuka, nami navidaka bila kutazama. Wateja walizoea kusema sisi ni mtu mmoja mwenye mikono minne.

Sasa mtu huyo anachanika katikati. Jumamosi hii Sentimita anahamisha meza yake kwenda kwa fundi magauni wa ng'ambo ya barabara. Yote hayo, Ndugu Mkuu, ni kwa sababu ya somo la nane.

Katika somo la nane mwalimu alituambia kwamba Waingereza wana vitu ambavyo hata kikiwa kimoja wao hukitaja kama vingi. Suruali ni "trauzasi". Kaptula ni "shotsi". Koleo la fundi umeme ni "plaizi", na mkasi ni "sizasi". Nikauliza, "Na kimoja chake?" Akasema hakina kimoja. Nikauliza kama kimoja chake kimekufa au kimesafiri. Akaniambia niandike tu. Nikaandika, lakini moyo wangu ulikataa palepale, na leo nakuletea malalamiko yangu kwa namba, kama ulivyotufundisha wewe mwenyewe katika somo la barua rasmi.

1. Miwani.

Miwani kwao ni "glasizi". Yangu umeiona, ina kioo kimoja. Cha kulia kilidondoka kwenye ndoo ya maji ya pasi, na ndoo ikamwagwa na mtu ambaye sitamtaja kwa kuwa ndiye anayenipikia. Nikainua mkono nikauliza kwa adabu, "Mwalimu, mimi ubao nausoma kwa kioo kimoja tu. Je, sasa naruhusiwa kusema glasi?" Akajibu, "Hapana, mzee, glasi ni ya kunywea maji." Yaani nikiwa na vioo viwili nina miwani, kikianguka kimoja naachwa na kikombe usoni. Hili ni jambo la kumwambia mtu wa rika langu?

2. Suruali.

Kinyozi wetu jirani, kama ujuavyo, mguu wake mmoja ulibaki hospitalini zamani. Suruali zake tunamshonea sisi. Mguu mmoja unashuka hadi kiatuni, mwingine tunaupandisha na kuufunga kwa vifungo vitatu. Nikamuuliza mwalimu, na ya huyu je? Akafikiri kidogo, akasema ya huyu pia ni "trauzasi".

Nikampelekea kinyozi habari hizo mbiombio, nikidhani atapandwa na hasira tuje kwako pamoja, maana barua yenye watu wawili nyuma yake ina uzito. Nilimkuta katikati ya kichwa cha mteja. Akazima mashine.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Madaktari watatu wameshindwa," akasema, "na mwalimu wako amenirudishia mguu kwa chaki?"

Alicheka hadi mteja akashika kichwa chake, asije akapoteza sikio. Tangu hapo anayemkalia kitini lazima asimuliwe habari ya suruali nyingi za kinyozi, na nasikia ameshajiandikisha kwako kwa muhula ujao. Nilikwenda kutafuta shahidi, nikakupatia wewe mwanafunzi. Naomba hilo nalo lihesabiwe katika hasara zangu.

3. Shati, na kingine.

Shati lina mikono miwili, na Mwingereza anasema ni moja. Koti lina mikono miwili na mifuko mitatu, bado ni moja. Nikasema sawa, labda yeye huanza kuhesabu kiunoni kushuka chini. Ndipo nikakumbuka sidiria. Kazi ya sidiria unaifahamu, Ndugu Mkuu, wewe ni mtu mwenye familia. Kama kuna nguo duniani ambayo hata kipofu akiishika atakuambia ni mbili, ni hiyo. Nikauliza. Mwalimu akageukia ubao, mabega yakawa yanatikisika, chaki ikamdondoka. Akasema bila kugeuka, "Ni moja, mzee."

Mama muuza mkaa aliyeketi nyuma yangu akaniambia, "Kaa chini, wewe babu, kabla hujatuvua wote." Darasa likavunjika. Sentimita, ambaye tulijiandikisha naye pamoja, peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika. Ndivyo alivyo, Sentimita anaandika hata kikohozi cha mwalimu. Na kila Alhamisi mwalimu husema, "Tazameni daftari la mzee huyu," akimwonyesha yeye, wakati sisi wawili tumetoka nyumba moja ya kazi na daftari langu lina jalada zuri zaidi.

4. Shukrani.

Hata shukrani kwao ni nyingi. "Tanksi." Salamu za mwisho wa barua ni nyingi, pongezi ni nyingi. Nikamwambia mke wangu, tazama watu hawa, wanakupa ahsante moja na kukuandikia kumi, hiyo ni hesabu ya wapi?

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Na wewe, baba, ukinijia hapa na kiu unaniomba nini?"

"Maji."

"Moja lake linaitwaje?"

Nikachungulia ndani ya mtungi.

"Maziwa? Mafuta? Mate yako hayo unayonirushia ukibishana? Tangu uzaliwe umeshawahi kutema moja lake?" Akaendelea kupepeta. "Maisha yako, matata yako, majivuno yako, yote hayo nayahesabu kwa wingi na sijamwandikia mtu barua."

Nimeweka maneno yake hapa kwa kuwa ameniapisha niyaweke. Hayana uhusiano na malalamiko yangu. Yeye ni dada wa Sentimita, na shahidi wa upande ule.

5. Mkasi.

Hapa ndipo penye kidonda, naomba usome polepole.

Sentimita ana mkasi mkubwa mweusi, wa chuma kizito, aliopewa na fundi aliyemfundisha siku alipomaliza kujifunza. Mkasi ule haukai na vitu vingine. Una kitambaa chake, una msumari wake ukutani, na jioni unapakwa mafuta kabla mwenyewe hajapaka yake. Mke wake marehemu aliwahi kusema kama angezaliwa na skrubu katikati angependwa zaidi.

Jumanne ile ya somo la nane tulifundishwa kwamba mkasi si mmoja. Mwalimu alichora ubaoni visu viwili na msumari wa kuviunganisha, akasema Mwingereza haoni kitu hapo, anaona jozi. Alhamisi yake asubuhi, siku mbili tu baadaye, mkasi huo ukakataa kukata. Pima mwenyewe hizo siku mbili. Miaka ishirini na saba tuliuita mkasi, ukakata. Siku mbili tulizouita "sizasi", ukagoma. Mimi si mtu wa shule, niliacha darasa la tatu baada ya mwalimu kuniacha mimi, lakini kitu ukikiambia kila siku kwamba ni viwili, siku moja kitakusikia.

Na uligoma juu ya kitambaa cha nani? Cha karani mstaafu wa mahakama. Kitambaa cha suti, rangi ya jivu yenye mstari mwembamba, ambacho mzee yule alikitunza sandukuni miaka kumi na moja akingoja siku ya kustaafu. Alikuja akiwa amekikumbatia. Akasimama pale ashuhudie. Sentimita akatandaza, akapima mara tatu, akapiga chaki, akaingiza mkasi. Badala ya ile sauti yake ya kila siku, ukatoa sauti ya mbuzi anayekula gunia. Akauvuta. Kitambaa kilikuwa kimetafunwa urefu wa kiganja, mbele, penye kifua.

Karani hakupiga kelele. Alivua kofia tu.

"Ni mkono wangu, bwana," Sentimita akamwambia. "Umeteleza."

Kwa nini alisema hivyo sijui. Labda ni adabu. Akaubadilisha mpango wote wa ukataji, akalificha lile jeraha chini ya mfuniko wa mfuko, na koti likatoka. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka mbele ya watu, na mtaa wetu unayajua maneno ya namna hiyo yanakotembelea. Kabla ya jua kuzama kinyozi alikuwa ameshayapata. Kesho yake mteja wa zamani, mtu tuliyemshonea tangu akiwa mwembamba, akauliza mlangoni kwa sauti ya chini, "Leo anakata nani?" Wiki iliyopita wawili walichukua vitambaa vyao. Wanasema mkono wa Sentimita umeanza kuzeeka. Hata fundi magauni wa ng'ambo, anayejidai kumpokea, amemwambia ataanza na kukata bitana, vile vitambaa vya ndani ya nguo, tuone. Bitana! Sentimita, aliyekuwa akikata suti kwa kuangalia tu mtu anavyovuka barabara.

Baada ya karani kuondoka, Sentimita aliniuliza jambo kuhusu mkasi. Nikamjibu. Kesho yake akaniuliza tena, nikamjibu vilevile. Siku ya tatu akaniuliza mara ya mwisho. Kisha akachukua chaki yake ya bluu, akapiga mstari sakafuni kutoka mlangoni hadi ukutani, umenyooka kama alivyozoea, meza upande wake, cherehani upande wangu. Pasi iko juu ya mstari wenyewe, kwa hiyo hakuna anayeitumia na nguo zinatoka zimekunjamana.

Hajatukana, hajagombana. Ananiita "bwana fundi". Ndugu Mkuu, mtu aliyekuita shemeji miaka ishirini na saba akikuita bwana fundi, unaweza kulala hapo?

Unaona sasa kazi ya lugha hii. Ilianza na mkasi, ikasema huu si mmoja, ni miwili. Ikahamia kwa waliokuwa wakiutumia.

6. Suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Nilidhani nitaweza peke yangu. Niliwatangazia wateja kwamba kukata ni jambo dogo, ni kama kushona bila uzi. Mfagizi wa posta akaniletea kitambaa cha kijani. Nikanunua mkasi mdogo sokoni, nikakata. Nilikata mguu wa kwanza, ukatoka vizuri sana, nikaupenda. Kwa kuwa niliupenda, nikauweka juu ya kitambaa, nikakata wa pili uleule, bila kugeuza.

Fundi yeyote ataelewa nilichofanya. Kwa wasio mafundi: miguu ya suruali inatakiwa itazamane. Yangu ilikuwa inatazama upande mmoja kama watu walio kwenye foleni. Mfagizi aliivaa, akasimama mbele ya kioo. Akasema, "Fundi, mbona nikisimama naona kama nataka kukata kona?"

Sentimita alikuwa upande wake wa mstari. Aliiona. Midomo ikamcheza, nikafurahi moyoni, nikasema sasa anacheka, yamekwisha. Akageuka akaendelea kufunga vitu vyake kwenye boksi.

Mfagizi hajarudi. Juzi nimemwona amekifanya kitambaa kile mifuko miwili ya kubebea sabuni.

7. Madai.

Kwa hayo yote nadai yafuatayo, na sitapunguza.

Kwanza, maneno hayo yote yaondolewe kwenye masomo ya kituo chako mara moja, na wanaoyajua tayari wayarudishe. Pili, Waingereza waandikiwe rasmi, kwa muhuri, wachague: ama kitu ni kimoja ama ni vingi, na wajibu ndani ya siku kumi na nne. Tatu, lile la sidiria waeleze kwa maandishi, na kama kuna kamati iliyopitisha, majina ya wajumbe. Nne, na hili ndilo kubwa, wewe mwenyewe, kwa kalamu yako na kwa muhuri wa kituo, umwandikie Sentimita barua fupi kumthibitishia kwamba kilichotokea kwenye mkasi ni kosa la somo la nane na si la binadamu yeyote anayemfahamu. Atakuamini. Mimi niliacha kuja darasani tangu mstari ulipopigwa, lakini yeye bado anakuja, na anasema mtaa huu mtu mwenye akili timamu ni Mkuu wa kituo peke yake. Zamani alikuwa anasema tuko wawili.

Barua hiyo imfikie kabla ya Jumamosi. Mkokoteni wa kubebea meza ameshauagiza.

Naishia hapo, si kwa kukosa maneno bali kwa kuwa karatasi imefika ukingoni. Nisalimie mwalimu na umwambie chaki isimdondoke tena, nimekua. Nisalimie mama muuza mkaa. Msalimie mlinzi wa lango, suruali yake iko tayari ila haijapigwa pasi kwa sababu za kisiasa. Salamu kwa mama watoto wako na watoto, wale wakubwa, na yule wa mwisho anayepiga mayowe.

Ni mimi mwenye kulalamika kwa heshima zote,

Mzee Bobini,
fundi cherehani,
mwenye duka, nusu.

Baadaye:

Nilikuwa nimeshaibandika bahasha. Mke wangu akaniuliza, "Umemwambia na ile?" Nikasema ipi. Akasema, "Baba, chakula nitaendelea kukupikia, lakini maneno nimemaliza," akatoka. Kwa hiyo nimeifungua bahasha kwa mvuke wa chai.

Ndugu Mkuu, siku ile ya somo la nane mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: kadi za picha za vile vitu visivyokuwa na kimoja. Alitaka nne. Alisema tukate kwa mkono au kwa mikasi midogo ya kituo, ipo kwenye kopo juu ya kabati, tujichukulie. Sentimita alichukua. Mimi nilitaka siku hiyo daftari lionyeshwe langu. Nilitengeneza kadi arobaini na mbili. Unaziona, bado ziko ukutani kwenu, za karatasi ngumu ya manila, kona zake za duara. Kona kama zile hazitoki kwenye mkasi wa kopo.

Fundi yeyote, hata aliyeanza jana, anajua kwamba mkasi wa kitambaa haugusi karatasi. Karatasi inakula chuma. Hata risiti hatukati nao, hata uzi wa kifurushi. Nilijua. Jumatano, Sentimita alipokwenda kununua vifungo, niliutoa msumarini nikakata kadi zote arobaini na mbili, nikaufuta, nikaurudisha kwenye kitambaa chake, nikaukunja kama anavyoukunja yeye.

Swali aliloniuliza mara tatu lilikuwa hili: "Shemeji, mkasi huu uliushika?" Alikuwa amebeba kiganjani kipande cha manila, kidogo kama ukucha, alichokitoa kwenye skrubu kwa sindano. Alikuwa anajua. Alikuwa ananipa nafasi. Siku ya kwanza nilimwambia labda ni paka. Siku ya pili nikasema paka. Siku ya tatu nikamkasirikia kwa niaba ya paka.

Na alipomwambia karani kwamba ni mkono wake, mimi nilikuwa kwenye cherehani, nimewapa mgongo. Niliendelea kukanyaga. Uzi ulikuwa umekatika zamani. Nilishona pindo zima la suruali bila uzi, matundu matupu, ili wasinione nimesimama.

Mkasi wenyewe hauna neno. Sentimita aliunoa kwa mkono wake, siku mbili, sasa unakata hadi kivuli. Kwa hiyo si mkasi, wala si Waingereza. Malalamiko yangu yote ya juu nayafuta, isipokuwa lile la tatu, la sidiria, hilo nalishikilia mpaka nijibiwe. Ile barua ya muhuri pia usimwandikie. Anajua kusoma, ataona mkono wangu ndani yake.

Nimeamua kuja darasani Alhamisi kusema mwenyewe kwamba mkono wake haukuteleza. Mama muuza mkaa atakuwepo, na yeye akisikia jambo saa tisa, saa kumi limefika kwa karani. Lakini mimi najijua. Nikifika mbele ya watu nitaanza mzaha, watacheka, nami nitatumia kicheko hicho kutoka nje.

Kuna siku moja wakaguzi walikuja kituoni, na suruali yako ikaachia nyuma, kutoka kiunoni hadi mahali pasipoandikwa kwenye barua rasmi. Nilikushona ukiwa umeivaa, umeinama juu ya meza, huku mgongo wangu ukiwa umeegemea mlango wakaguzi wasiingie. Hukunilipa na sikutaka, nilikuambia ipo siku. Basi siku ni Alhamisi. Nikishaingia, funga mlango, usimame mbele yake, usinifungulie mpaka niwe nimemaliza.